Kamera ndogo ya nyambizi ya rimoti: picha safi, shida ni ukungu

Inarekodi kwenye kadi ya memori, na hilo ndilo jema lake. Ya kurusha picha kwa Wi-Fi usiinunue: mawimbi ya gigahezi 2.4 hufia sentimita chache chini ya maji. Lenzi iguse dirisha la plastiki la nyambizi, pembeni zungushia tepu nyeusi, la sivyo utarekodi mng'ao. Silikoni ya kuzibia inayonuka siki iepuke, hula shaba za saketi.

Uzito wa kamera huzamisha pua ya nyambizi. Punguza madini ya risasi ya kusawazishia yaliyo mbele kwa gramu sawa na za kamera, ujaribu kwenye pipa la maji kabla ya kwenda Matema, ufukweni Ziwa Nyasa.

Udhaifu wake ni joto lake, linaloleta ukungu. Ukiifungia ndani ya nyambizi siku ya manyunyu ya Mbeya, unyevu wa ndani hugeuka ukungu dirishani mara maji baridi yanapoligusa. Weka vipakiti viwili vya silika, chembe za kunyonya unyevu, vikavu kweli, si vilivyolala dukani wazi.