Fereti kiziwi na anayesikia: yupi wa kuwinda sungura?

Uingereza, fereti, mnyama mdogo wa jamii ya vicheche, huingizwa mashimoni kufurusha sungura wakimbilie nyavu zilizotegwa kwenye matundu. Humo chini kiziwi hana upungufu wa maana: gizani wote wawili hufuata harufu na kupapasa kuta kwa sharubu.

Tofauti huanza akitoka. Anayesikia hugeuka ukimtikisia kopo la chakula. Kiziwi hujiendea zake vichakani, kwa hiyo weka mtu kila upande. Akiua sungura chini na kulala hapohapo, kumwita hakusaidii, ingawa hata mwenye masikio mazima mara nyingi hupuuza. Wote wavishwe kola ya redio. Jaribu betri kabla hajaingia, la sivyo kipokezi hakitakuonyesha pa kuchimba.

Kiziwi usimnyakue kwa nyuma, atashtuka na kukuuma. Mjie kwa mbele, anuse mkono kwanza.

Kuzalisha, hapo sina mjadala: chagua anayesikia. Uziwi wa kuzaliwa hurithiwa, na huandamana sana na mabaka meupe kichwani, hasa mstari unaotoka usoni hadi shingoni. Ualbino peke yake si dalili.