Ubuntu na QGIS kwa kusaka mabaki ya kale: uzoefu wangu

Nimeridhika na Ubuntu, mfumo endeshi wa Linux, lakini si kwa sababu ya sura yake. Inafaa kujifunza kwa ajili ya terminali (dirisha la kuandika amri), kwa maana QGIS yenyewe, programu ya ramani, unaipata hata kwenye Windows. Chukua toleo la LTS (linalotunzwa kwa muda mrefu), RAM isipungue GB 8, kisha amri moja: sudo apt install qgis gdal-bin python3-gdal. Anayeanza hukwama kwenye herufi tu: Picha.tif na picha.tif hapa ni faili mbili tofauti.

Picha natumia za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, daraja la L2A (zilizokwisha kusahihishwa athari ya angahewa). Kipande kimoja ni kilomita 110 kwa 110 na hula karibu GB 1 ya diski. Chagua za wakati wa ukame. Mimea iliyo juu ya ukuta uliofukiwa hunyauka mapema kwa kukosa kina cha udongo. Iliyo juu ya mtaro wa kale hubaki kijani kwa kuwa maji yamekaa chini. Tofauti hiyo inapimwa kwa NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea, kwa bendi B08 (infraredi ya karibu) na B04 (nyekundu) zilizomo kwenye folda ya R10m. Nikishafupisha majina ya faili, amri ya kuikokotoa ni hii:

gdal_calc.py -A B08.jp2 -B B04.jp2 --calc="(A.astype(float)-B)/(A.astype(float)+B-2000)" --type=Float32 --outfile=ndvi.tif

Usiiache astype(float). Namba za picha hizi ni za biti 16 zisizojua hasi, kwa hiyo 1500 kutoa 1600 haileti -100, inaleta 65436. NDVI iliyopaswa kuwa -0.09 inatoka 59, na ziwa linang'aa kuliko msitu! Ile 2000 nayo ina sababu: tangu Januari 2022 kila bendi imeongezewa 1000. Usiangalie tarehe ya picha, kwani za zamani nyingi zimechakatwa upya. Soma jina la folda. Ukikuta N0400 au zaidi, toa 2000. N0301 na chini yake, usitoe.

Mtego mwingine uko kwenye gdalbuildvrt, amri ya kuunganisha picha. Ukichanganya bendi za mita 10 na za mita 20 bila kuandika -resolution highest, inakupa wastani, mfano pikseli za mita 15, wala hailalamiki.

Upungufu mkubwa ni wa picha, si wa programu. Kwa pikseli ya mita 10, ukuta wa mita moja usiutarajie; utaona vilima vya makazi, mifereji mipana na mikondo ya mito iliyokufa. Kwa undani zaidi narudi kwenye filamu za kijasusi za CORONA za Marekani, 1960 hadi 1972, zilizofunguliwa kwa umma mwaka 1995. Zile za KH-4B, kizazi cha mwisho cha kamera zake, huonyesha vitu vya hadi karibu mita 2, na zimeshika ardhi kabla matrekta hayajaichimbua. Pa kujizoezea ni Tell Brak, kilima cha mji wa kale nchini Syria: njia za kale zilizobonyea, pana makumi ya mita, zinatoka kilimani kama miale ya jua.

Kamera ya CORONA ilipiga kwa kufagia upande hadi upande, hivyo kingo za filamu zimepinda. Kata kipande kidogo, weka alama 20 hivi zilizosambaa kote, kisha kwenye Georeferencer (zana ya QGIS ya kuipachika picha kwenye ramani) chagua Thin Plate Spline, inayoikunja picha ifuate alama. Ukichagua Polynomial 1, isiyoikunja, katikati patakaa sawa na pembeni barabara itapita shambani.