MicroMasters ya Sera ya MIT: jipime kabla hujalipa

Wanaotafuta uzamili wa sera za umma bila kuacha kazi huiulizia sana programu hii ya kozi za mtandaoni zinazomalizika kwa cheti, kwa sababu ya jina la MIT na ada inayopungua kadiri kipato kinavyokuwa kidogo. Sababu zote mbili zina ukweli. Ila ajuaye kilichomo ndani atakwambia kwamba kinachotahiniwa zaidi ni takwimu, na sera inakuja nyuma yake.

Jina kamili ni Data, Economics, and Design of Policy. Ilianza 2017 kwa ushirikiano wa idara ya uchumi ya MIT na J-PAL, kituo cha utafiti wa kupambana na umaskini, na miongoni mwa wanaofundisha ni Esther Duflo na Abhijit Banerjee, waliopata Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Michael Kremer. Cheti kinadai kufaulu kozi 5, kila moja na mtihani wake unaosimamiwa mtandaoni. Kuna njia mbili, maendeleo ya kimataifa na sera za umma. Tenga saa 12 hadi 14 kwa wiki kwa kozi moja, na usiamini anayekwambia saa tano zinatosha.

Kozi inayoangusha watu ni 14.310x, ya uchambuzi wa data. Mihadhara ya mwanzo inakwenda taratibu, kisha ghafla unakutana na mgawanyo wa pamoja wa vigeu viwili, na hapo asiyekumbuka kalkulasi ya kidato cha sita anabaki kunakili majibu. Jipime hivi. Kama msongamano wa uwezekano wa X ni f(x) = 2x kati ya 0 na 1, uwezekano wa X kuzidi 0.5 ni ngapi? Jibu ni 0.75. Sasa chukua f(x, y) = x + y, vyote viwili kati ya 0 na 1, utafute mgawanyo wa x peke yake. Jibu ni x + 0.5. Ukiyapata yote mawili kwa dakika kumi bila kufungua daftari, jiandikishe. Ukikwama, tumia miezi miwili kurudia integrali na uwezekano kwanza, maana muhula hautakusubiri.

Kazi za data hufanywa kwa R, lugha ya kompyuta ya takwimu. Simu haitoshi, tafuta laptopu yenye angalau GB 4 za RAM. Makosa ya wanaoanza ni yale yale: wastani unatoka NA (thamani haipo) kwa sababu data ina mapengo na hukuandika na.rm = TRUE, agizo la kuyaruka; namba ya wilaya inasomwa kama kiasi badala ya kundi, na rigresheni (hesabu ya uhusiano wa vigeu) inakupa tokeo lisilo na maana yoyote. Msahihishaji ni mashine, kwa hiyo ukizungusha desimali katikati ya hesabu unaweza kukosa alama ukiwa na njia sahihi. Zungusha mwishoni tu.

Uzuri wa programu unaonekana inapokufundisha kubuni tathmini, hasa katika JPAL102x, kozi ya kubuni na kuendesha tathmini za nasibu. Chukua mradi wa dawa za minyoo Busia, magharibi mwa Kenya, uliochunguzwa na Edward Miguel na Kremer: shule 75, wanafunzi zaidi ya 30,000. Mgao wa nani apate dawa kwanza ulifanywa kwa shule, si kwa mtoto, kwa sababu minyoo huambukizana. Ukimtibu mmoja, jirani yake wa dawati naye ananufaika, na kundi linganishi linakuwa limechafuka. Lakini uamuzi huo una gharama. Tuseme kila shule ina watoto 400 na ufanano wa matokeo ndani ya shule ni 0.1. Kanuni ya kukadiria gharama hiyo ni 1 + (400 − 1) × 0.1, yaani 40.9. Gawa 30,000 kwa hiyo, unabaki na uzito wa watoto kama 730 tu. Anayeendesha lm(), amri ya kawaida ya rigresheni katika R, na kusahau klasta (makundi, hapa shule) anaweza kutangaza mafanikio ambayo hayapo. Ripoti nyingi za miradi zingenusurika kama aliyeziandika angeijua hesabu hii moja.

Mfano mwingine wa nyumbani ni vyandarua. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walionyesha katika kliniki za Kenya kwamba kupandisha bei kutoka bure hadi senti 60 za dola kulishusha uchukuaji kwa pointi 60 za asilimia. Kwa mjadala wa kuchangia gharama za huduma, ushahidi wa namna hii ni mtaji.

Upungufu wake ni mkubwa pia. Hutafundishwa mzunguko wa bajeti, kuandika muswada, wala kukaa meza moja na wadau wasiopatana. Anayelenga ukatibu tawala wa mkoa atafaidika zaidi na uzamili wa utawala wa umma pale Mzumbe. Na cheti hiki si shahada: tangazo la kazi likidai uzamili, usikipeleke peke yake. Kinaweza kukufungulia maombi ya shahada ya MIT yenyewe, ambapo kozi za mtandaoni huhesabiwa, halafu unasoma muhula mmoja Cambridge, Massachusetts, na kumalizia kwa mradi wa kiangazi. Kundi la kwanza liliingia 2020. Kwa kazi za utafiti katika mashirika ya kutathmini miradi ya kupunguza umaskini, kama IPA au J-PAL Africa, cheti chenyewe kina uzito.

Kuhusu pesa: mihadhara na mazoezi unaweza kuyafuata bure, unacholipia ni mtihani na cheti. Ingia bure, fanya kazi za wiki tatu za kwanza, ndipo uamue kabla tarehe ya mwisho ya malipo haijapita. Punguzo la kipato liombwe kabla ya kulipa, na nyaraka za mshahara ziwe tayari, kwa kuwa uhakiki huchukua muda.

Angalia saa. Makataa huandikwa kwa UTC (saa ya kimataifa), nasi Afrika Mashariki tuko mbele saa tatu: 23:30 ya Jumanne ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatano. Siku ya mtihani jina la kitambulisho lilingane na la akaunti herufi kwa herufi, kamera ifanye kazi, na uwe na bando la akiba kwenye simu. Wala usichukue 14.310x na kozi ya uchumi mdogo (microeconomics) ya Jonathan Gruber muhula mmoja ukiwa kazini: ni zaidi ya saa 24 kwa wiki, na kwa kawaida ni 14.310x inayoachwa njiani.