"Hiyo ni baiskeli tu": uzoefu wangu wa chombo na baiskeli katika Visiwa vya Ssese

Sikukusudia kuandika lolote kuhusu safari hii, lakini maneno niliyoambiwa kwenye kilima cha Kalangala hayajanitoka masikioni, na kila nikiitazama baiskeli yangu pale ukumbini nayasikia upya. Kampuni sitaitaja, mwenye chombo anajijua.

Walichotuuzia ni kitu kizuri, na hilo nalisema kabla hasira haijanizidi. Ni chombo kidogo chenye vyumba vichache vya kulala, kinachotoka Entebbe, Uganda, kwenda Ssese: usiku mnalala majini, mchana mnashuka na baiskeli zenu na kuizunguka Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote 84. Asubuhi ya kwanza nahodha alipunguza mwendo wa injini, akatuita sote nje, akatuambia kwamba chini yetu ndipo Ikweta inapopita. Mimi Ikweta nimeivuka kwa baiskeli hii hii mara nyingi pale Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, katikati ya malori na wauza vinyago. Kuivuka juu ya Nnalubaale, yaani Ziwa Victoria, maji yametulia na hakuna alama yoyote mbele wala nyuma, kulinifanya ninyamaze kwa muda mrefu. Kama safari ingeishia hapo ningeisifu kwa kila mtu.

Tatizo lilikuwa limeanza tangu Entebbe, ila sikulipa uzito. Vijana wa kupakia walizichukua baiskeli zetu na kuzilundika moja juu ya nyingine nyuma ya chombo, bila gunia wala kamba katikati yake, na yangu ikawekwa chini kabisa, ikiwa imelalia upande wa gia. Yeyote anayeendesha baiskeli ya gia anajua kwamba upande huo haulaliwi, kwa sababu kile kikono kinachohamisha mnyororo kimeshikiliwa na kipande kidogo cha chuma kinachopinda kwa urahisi, na kikipinda kuelekea ndani, gurudumu limo hatarini. Nilimwambia kiongozi wa safari. Akanijibu kwamba wamebeba baiskeli miaka mingi.

Siku ya pili baada ya chakula cha mchana tulishuka kwenye ghuba ya Lutoboka na kuanza kuupanda mlima kwenda Kalangala mjini. Wanaopafahamu wanajua kwamba mji uko juu na ghuba iko chini, na barabara haikuonei huruma. Karibu na kileleni niliweka gia nyepesi kuliko zote, na papo hapo kikono kilichopinda kikaingia kwenye spoku, gurudumu likakwama, na nikasikia mlio wa chuma kinachokatika. Spoku mbili zilikuwa zimeng'oka, na kikono kinaning'inia kwenye waya wake kama kidole kilichovunjika.

Kiongozi alikuja nyuma kwa boda. Hakushuka. Alitazama gurudumu, akatazama saa yake, akasema: "Ssebo, hiyo ni baiskeli tu. Iache hapa, panda boda urudi. Saa kumi chombo kinaondoka." Kisha akamgonga dereva begani, wakaenda zao. Hakukuwa na pole, hakukuwa na swali la kama nimeumia, na hakukuwa na neno hata moja kuhusu ule mlundiko wa Entebbe. Mtu anayekula mkate wake kwa kupeleka watu na baiskeli zao visiwani anawezaje kutamka maneno hayo?

Niliibeba begani hadi madukani, nikaelekezwa kwa fundi mmoja mzee aliyekaa chini ya mti. Nilimwamkia kwa Kiswahili, akafurahi. Alijifunzia lugha hii kwenye mialo, kwa wavuvi wa kutoka Tanzania na Kenya. Alikuwa na wateja wawili mbele yangu na hakuwaruka. Zamu yangu ilipofika aliigeuza baiskeli miguu juu, akakiondoa kikono kizima, akauzungusha mnyororo kwenye gia moja ya katikati na kuhesabu pingili kwa ukucha wa kidole gumba. Halafu akaulaza mnyororo juu ya jiwe lenye kitundu, akaweka msumari uliokatwa ncha, akagonga mara tatu kwa nyundo hadi pini ikatokeza upande wa pili, akaufupisha na kuuunga tena. Gurudumu alilinyoosha kwa jicho tu. Aliniomba shilingi elfu tano. "Itakufikisha, mwanangu," alisema, "lakini usiibanie kwenye mlima."

Nilifika Lutoboka saa kumi na dakika chache. Chombo kilikuwa kimeshang'oa nanga, na begi langu lilikuwa chumbani.

Nikitulia, naweza kukiri kwamba nahodha hana budi kuondoka mapema, kwa kuwa ziwa hili likichafuka jioni si la kufanyiwa mzaha, na abiria wengine wana haki zao. Lakini kisha nakumbuka kwamba namba yangu ya simu walikuwa nayo, na haikulia hata mara moja.

Nililala kwenye nyumba ya wageni ufukoni, na asubuhi nikapanda MV Kalangala kurudi Nakiwogo, gati la Entebbe. Sikutarajia makuu kutoka kwa meli ya abiria iliyojaa mifuko na watu. Baharia kijana akaipokea baiskeli yangu, akaniuliza, "Mzee, gia ziko upande gani?", akaisimamisha kwenye nguzo upande wa pili, akaingiza gunia tupu katikati, akaifunga kwa kamba sehemu mbili. Karibu machozi yanitoke. Kumbe hakuna ugumu wowote katika jambo hili!

Begi lililetwa baada ya siku kadhaa, likiwa kamili. Nilikuwa nimeazimia kuwaambia wote mkiepuke chombo hicho. Kisha nahodha mwenyewe akanipigia, si kiongozi yule, akaomba radhi bila kujitetea, akasema wanatengeneza fremu ya mbao ya kusimamishia baiskeli nyuma ya chombo. Namwamini, kwa sababu ni yeye aliyepunguza mwendo wa injini ili tuione Ikweta. Lakini nilipomuuliza kama yule kiongozi bado yuko kazini, alisema yuko. Kwa hiyo fremu hiyo nitakwenda Entebbe kuiona kwa macho yangu kwanza, na wakati wa kupakia nitasimama hapo hapo, mkono juu ya tandiko, hadi kamba ya mwisho ifungwe.