Gereji ya Nyakato, kwa wenye injini za tabo

Nimefungiwa kamshafti (mihimili inayofungua valvu) na springi za valvu kwenye 1JZ-GTE yangu, injini ya Toyota yenye tabo, gereji moja hapa Nyakato, Mwanza, na naisifia kwa moyo wote. Kabla ya kutaja bei, fundi aliuliza ukubwa wa tabochaja (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) na mizunguko ninayoikimbiza injini. Akanichagulia kamshafti za digrii 264, kipimo cha muda zinaoacha valvu wazi. Digrii zikizidi sana, valvu za kuingiza hewa na za kutoa moshi hukaa wazi pamoja muda mrefu, moshi wenye presha unarudi ndani, nguvu inachelewa.

Springi ndizo alizozikazania. Presha ya tabo ya bar 1 husukuma mgongo wa valvu ya milimita 34 kwa karibu kilo 9, na springi laini haiifungi kwa wakati. Bei yao iko juu kidogo. Ila kilima cha Bugando, jamani, gari linavuta mapema!