Karakana ya kukereza mbao Unga Limited: kupanua tundu la kiti cha rili

Wale mnaojitengenezea fimbo za kuvulia wenyewe hapa Arusha hii shida mnaijua. Unaagiza kiti cha rili cha mbao, yaani kile kipande cha duara kinachokaa chini ya mpini ambacho rili, ile ya kukunjia uzi, inafungwa juu yake kwa zile pete za chuma, kinakuja kizuri kabisa kimepigwa vanishi, halafu tundu la katikati ni dogo kuliko ufito wako, yaani ule mwili wenyewe wa fimbo. Changu kilikuja na tundu la milimita 9.5 na ufito wangu wa kaboni pale kitakoni, mwisho wa nyuma ulio mnene, una 12.4. Hauingii ng'o.

Sasa watu wengi wanadhani kutoboa mbao ni kutoboa tu, chukua drili weka biti kubwa maliza. Hapana jamani. Kiti chenyewe kwa nje ni milimita 17, ukishapanua tundu mpaka 12.6 ili gundi nayo ipate nafasi, ukuta wa mbao unaobaki ni milimita 2.2 kila upande, na kile changu kina mfereji umechongwa kwa juu ili mguu wa rili ulale vizuri, mfereji unakula kama milimita moja nyingine, kwa hiyo pale juu unabakiwa na ukuta wa milimita moja na kidogo. Tundu likihama pembeni hata kidogo tu umetokezea kwenye mfereji na kiti ndo kimekwisha.

Mwanzoni nilikipeleka kiti kingine kwenye karakana moja mjini, sitaitaja. Kijana akakibana kwenye vaisi akaingiza drili ya mkono, biti ya 12 moja kwa moja. Biti ya kawaida ukiiingiza kwenye tundu ambalo tayari lipo haina katikati ya kushika, inashika ukuta tu, inajivuta yenyewe kwa ndani kama skrubu na inafuata nyuzi za mbao zinakoelekea. Kiti hakikupasuka, nashukuru, ila tundu liliingilia katikati likatokea pembeni. Niliumia sana maana ile ni mninga yenye michirizi mizuri ya dhahabu na kahawia, huwezi kusema utapata kingine kinachofanana.

Ndo rafiki yangu mmoja akanielekeza huku mtaa wa Unga Limited, kwa hawa mafundi wa kukereza, wanaotengeneza miguu ya vitanda, nguzo za ngazi, michi na vitu kama hivyo. Ni ndani ndani kidogo, unapita magereji, bora umuulize bodaboda anayepajua. Nikamkuta mzee mmoja, nikamwamkia, nikamtolea viti vyote viwili nikamwambia nataka 12 na nusu. Hakuvishika kwanza. Akaniambia, "Ufito wenyewe uko wapi mwanangu? Mi sipimi kwa maneno." Nikaurudia nyumbani nikauleta, na hapo ndo niliona huyu mtu anaelewa kazi, kwa sababu aliupima kwa venia, kile kifaa cha kupimia unene, sehemu kadhaa, sio kitakoni peke yake, akanionyesha kwamba ufito unapungua kadiri unavyoenda mbele, nyuma 12.4 lakini pale kiti kinapoishia mbele ni 12 tu. Kwa hiyo tundu lililonyooka litabana nyuma na kucheza mbele. Wengi hapo wanazungusha maskintepu mpaka ijae halafu wanamwaga gundi. Inafanya kazi, sikatai, ila mi sipendi tepu nyingi ndani, maji yakipenya yanakaa humo.

Kazi yenyewe nilisimama nikaiangalia mwanzo mwisho na nawashauri na nyie msimame muangalie, anaruhusu. Hakukibana kiti moja kwa moja kwenye meno ya mashine, maana meno ya chuma yangekitoboa na kukibonyeza. Alichukua kipande cha mkrismasi, mbao laini ya bei rahisi, akakikereza duara, akakitoboa katikati milimita 17, halafu akakipasua kwa urefu upande mmoja kwa msumeno wa chuma. Ikawa bushi. Kiti kikaingia humo ndani kikiwa kimekaa sawasawa, akafunga meno juu ya ile bushi na ule mpasuo ukabana taratibu pande zote. Faida yake ni mbili, vanishi ya nje haiguswi, na ule ukuta mwembamba unashikiliwa kila upande wakati biti inapita kwa hiyo hauna pa kupasukia. Kwa mawazo yangu hiyo bushi peke yake ndo nusu ya kazi, na ndo kitu ambacho mtu wa drili ya mkono hawezi kukupa.

Halafu kinachozunguka ni kiti, biti imesimama. Imefungwa kule nyuma ya mashine, inasukumwa polepole kwa usukani. Mbao ikizunguka na biti ikatulia, tundu linakaa katikati vizuri zaidi. Alianza na 10, akaja 11, halafu 11.5, mwisho 12, kila mara anasukuma kidogo, anairudisha nje, anapuliza unga wa mbao, anasukuma tena. Nyuma ya kiti aliweka kipande cha mbao chakavu ili biti ikitokea isichane mdomo. Akaishia 12, hakuendelea na biti. Zile sehemu za milimita zilizobaki alizitoa kwa msasa namba 80 aliouzungushia kwenye kijiti chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili, akiingilia nyuma, mpaka nyuma ikawa 12.6 na mbele kama 12.1. Nikaupitisha ufito kuanzia nchani, ukateleza mpaka ukafika kitakoni, ukakaa. Hauchezi. Na haukubana pia, kitu ambacho watu wanakosea sana, ukibana mno gundi yote inakwanguliwa inabaki nje na ndani unakuwa mkavu.

Kile kilichoharibiwa je? Nilidhani ni cha kutupa. Yeye akakikereza kijiti cha mninga cha kuziba lile tundu lote, akakipaka gundi ya araldaiti akakipigilia, akaniambia kilale mpaka kesho. Kikishaziba unakuwa na mbao nzima tena, unatoboa upya kutoka katikati kana kwamba hakijawahi kutobolewa. Karibu kile kijiti chote kinatoka, unabaki mwezi mwembamba tu upande lile tundu la zamani lilipohamia, na wenyewe unafichwa na pete ya chuma. Sasa hivi kiko kwenye fimbo yangu ya kambale ya kule bwawa la Nyumba ya Mungu na hakijalegea.

Bei, elfu nane kwa kiti kimoja cha mninga, cha kuziba na kutoboa upya elfu kumi na tano. Ukilinganisha na kuagiza kingine na kukisubiri mpaka kifike, mi naona ni bei ya haki kabisa.

Kasoro zipo. Foleni ni ndefu maana miguu ya vitanda ndo inamlisha, kakiti kako kanapangwa nyuma, na umeme ukikatika hakuna jenereta, unaambiwa njoo kesho. Vumbi ni kali, nendeni na barakoa. Na msikubali awapigie vanishi, hapo sio fani yake, ile aliyonigusia kwenye mdomo ilikauka na vinundu nikaikwangua mwenyewe nyumbani nikapaka upya.

Wanaotaka kujaribu nyumbani kwa tupa ya mviringo, inawezekana kama unaongeza nusu milimita hivi. Zaidi ya hapo tupa inakula midomo yote miwili na katikati inabaki nyembamba, unaingiza ufito unasikia umeshika kumbe umeshika katikati tu, huku na huku unacheza. Kwa milimita tatu kama zangu pelekeni kwa mtu mwenye mashine.

Kwa wenye viti vya mpingo, mwambieni mapema. Mpingo ni mzito kiasi kwamba unazama majini, anataka anoe biti zote kwanza, na anatoboa taratibu zaidi kwa sababu ukipata moto unapasuka. Bei inapanda mpaka elfu kumi na mbili. Na kabla hujaupaka gundi futa tundu kwa asetoni kisha acha ikauke, ule mti una mafuta yake na gundi ya epoksi haishiki vizuri juu ya mafuta.

Nampa nyota nne kati ya tano, ya tano naizuilia foleni na ile vanishi. Nendeni asubuhi siku ya kazi, Jumamosi wanafunga mapema, na msisahau kubeba ufito.