Das Boot, toleo la 1997: ndani ya chuma bila pa kurudi nyuma

Vijana wanaoanza kushika kamera wakiniuliza watazame nini, nawaambia watafute Das Boot ya Wolfgang Petersen, tena wasikubali toleo fupi. Filamu iliyoingia kumbi za sinema mwaka 1981 ilikuwa na dakika 149. Toleo la mwongozaji la 1997, ambalo ndilo nimelitazama tena juzi, lina dakika 209, na urefu huo una kazi yake. Mtu habanwi kifua kwa robo saa tu.

Tuko ndani ya U-96, nyambizi ya Kijerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wanaume kama hamsini, choo kimoja, kwa kuwa kingine kimejazwa chakula. Nyama zinaning'inia juu ya vichwa vyao. Wengi wetu tungejenga chumba kama hicho studio kisha tuondoe ukuta mmoja, kamera ipate pa kusimama. Jost Vacano, mpiga picha, karibu kazi yote aliifanya humo humo ndani. Alishika mkononi kamera ndogo aina ya Arriflex, iliyofungwa jairo za kupunguza mtikisiko, akavaa kofia ngumu na nguo za kumkinga, akakimbia na waigizaji. Kamera ile ilikuwa na kelele, hivyo mazungumzo ikabidi yarekodiwe upya baadaye. Gharama hiyo ililipa!

Tazama king'ora cha kuzama kinapolia. Mabaharia wanakimbilia mbele ili pua iwe nzito, nyambizi ishuke upesi, na kamera inapenya nao kwenye milango ya duara. Bega la mtu linaziba picha, bomba linapita karibu na jicho. Utajikuta umeinamisha kichwa.

Kisha wanakaa kimya, adui yuko juu yao. Kamera inatulia kwenye uso wenye jasho, macho yameelekea darini, na nyuma ya kisogo kuna chuma tu.

Petersen anatupa pumzi mara moja, bandari ya Vigo, Hispania: meli yenye ukumbi mpana, mwanga, meza imejaa vyakula. Wale wachafu wenye ndevu hawajui hata wasimame wapi. Wakirudi chini, chumba kinaonekana kidogo kuliko mwanzo ingawa hakuna kilichobadilishwa.

Sehemu ya baa mwanzoni imevutwa mno, hilo nalisema wazi.

Sisi tunaopiga tamthilia kwenye vyumba vya kupanga vya Sinza na Mbagala, Dar es Salaam, kuta tunazo tayari. Lakini neno la kwanza la mwongozaji huwa ni "toeni kabati." Jamani, liacheni. Mwigizaji alizunguke, na mpiga picha apite ubavu.

Chagua sauti ya Kijerumani; nakala yangu ina maandishi ya Kiingereza. Ukimaliza, rudia zile mbio ukiwa umezima sauti, ufuatilie kamera inapita wapi.